Mtoto Ana Huzuni, Nasi Tunampa Fimbo



Leo mtatusamehe, maana tunaandika tukiwa na hasira. Hasira yenyewe tunaanza kujitupia sisi wenyewe kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote.

Hapa kwetu Nyamirambo kuna kijana wa miaka 17, jina lake tunalihifadhi. Alikuwa mchezaji mzuri wa mpira, na madrasa alikuwa akiwasaidia wadogo kusoma. Mwaka jana alianza kubadilika. Mpira akauacha. Sahani inawekwa mbele yake inarudi vile vile. Usiku halali, na alfajiri haamki. Baba akasema ni uvivu. Mjomba akasema ni hizi simu. Ustadhi wake akasema imani imepungua, akamchapa kwa kukosa darasa. Majirani (na sisi tulikuwemo, hatujifichi) tukasema huyu ana jini, akapelekwa kwa msomaji mmoja mara saba, na kila mara pesa inatoka. Miezi mitano ilipita namna hiyo! Watu wote hao, na hakuna hata mmoja aliyekaa naye chini akamuuliza: mwanangu, una nini?

Mwishowe mama yake alimpeleka kituo cha afya. Lakini hakumpeleka kituo chetu. Alipanda naye gari mpaka upande wa pili wa mji, amejitanda mtandio mpaka machoni, ili asikutane na mtu anayemjua. Muuguzi akamuuliza kijana lile swali moja, naye akazungumza kwa saa nzima. Sasa anaendelea vizuri, alhamdulillah. Baba yake akiulizwa mtoto alikuwa akiugua nini, hadi leo hujibu: malaria.

Tunataka kulizungumza lile jambo la mtandio. Mwaka 2018 ulifanyika uchunguzi wa afya ya akili katika nchi yetu nzima ya Rwanda. Katika kila watu 100, karibu 62 walisema wanajua kwamba kuna huduma za afya ya akili. Waliowahi kuzitumia walikuwa 5 tu na kidogo. Na miongoni mwa vijana wa miaka 14 hadi 18, kiasi cha mmoja katika kila kumi alikuwa na tatizo la akili la namna moja au nyingine. Tuhesabu basi. Darasa la madrasa lenye vijana 40 wa umri huo lina wanne wa aina hiyo, nao wamekaa kimya kwenye mkeka.

Kati ya wale 62 wanaojua na wale 5 wanaokwenda kuna nini? Wapo watakaosema ni umbali, ni nauli, ni uchache wa wauguzi, na hayo yana ukweli wake. Lakini yule mama alikuwa na nauli. Alilipa hata zaidi ili aende mbali. Kilichomfunga ni aibu. Na aibu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Tumeitengeneza sisi, majumbani, barazani na misikitini, kila tunapotaja Ndera kwa kicheko. Hospitali ile inatibu wagonjwa, sisi tumeigeuza tusi. Mtoto akikosea kidogo: "Utapelekwa Ndera wewe!" Halafu siku anapougua kweli tunashangaa kwa nini hasemi.

Wapo ndugu zetu wanaosema kijana wa Kiislamu hapatwi na sonona, kwamba huzuni inayokaa wiki na wiki ni dalili ya imani iliyooza. Tunawauliza kwa heshima: Nabii Yaaqub (AS) mnamuweka wapi? Qur'ani inatueleza kwamba alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Je, naye alipungukiwa na imani? Na Mtume wetu (SAW) alipotokwa na machozi kwa kufiwa na mwanawe Ibrahim, Abdurrahman bin Auf alishangaa, akafundishwa kuwa machozi yale ni rehema. Na tena kisa ambacho watoto wetu wote wanakijua lakini sisi wakubwa tumekiacha kiwe cha kuchekesha tu: Abu Umayr, mtoto mdogo aliyefiwa na kindege chake. Mtume (SAW) alimuona ana huzuni akamuuliza habari za kile kindege. Ni kindege tu! Hakumwambia jikaze. Hakumwambia kuna watu wamefiwa na wazazi wao. Alimuuliza.

Hata wanazuoni wetu hawakulidharau jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, akalalamika kwamba matabibu wa zama zake wanashughulikia mwili na kuisahau nafsi. Akatenganisha huzuni ambayo mtu anaijua sababu yake na ile inayomvamia bila kujua imetoka wapi, na hii ya pili akasema asili yake imo mwilini. Huyo alikuwa Muislamu kutoka Balkh. Basi tusiambiwe kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Kisomo hatukikatai. Tunasomewa na tunasoma, na Qur'ani ni shifaa. Tunachokikataa ni kisomo kinachofanywa kufuli, kwamba ukishasomewa usiende tena hospitali, na usipopona basi kosa ni lako. Mtoto akivunjika mguu tunamuombea dua huku gari linakwenda kwa daktari. Kwa nini moyo wake uwe na sheria nyingine?

Kuna jambo jingine, nalo ni zito hapa kwetu kuliko mahali pengi. Vijana tunaowazungumzia walizaliwa muda mrefu baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hawakuona. Lakini kila mwaka, tarehe 7 Aprili ikifika, wanaona mama amejifungia chumbani, baba hasemi wala hali, na redio inazungumza mambo ambayo nyumbani hayatajwi. Kinyarwanda kina neno, ihahamuka, la hofu inayomkata mtu pumzi, na tumezoea kudhani ni la wale waliokuwepo tu. Mtoto anayekua ndani ya kimya kile naye anakibeba, bila kujua anabeba nini. Waislamu wa nchi hii walisifiwa, na kwa haki, kwa watu waliowaficha siku zile. Basi sasa tujifunze kutowaficha watoto wetu habari zao wenyewe. Mtoto wa miaka 15 anastahili kuambiwa, hata kwa maneno machache: mama yako ana maumivu, hayakutokana nawe, na unaruhusiwa kuuliza.

Wavulana ndio tunaowaumiza zaidi kwa hili. Wanyarwanda husema machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Tumeufanya msemo huo kuwa malezi. Msichana akilia atapata shangazi. Mvulana akilia atapata kofi. Huyu ndiye tunamtarajia akioa ajue kuzungumza na mkewe bila kupiga, ajue kushindwa bila kuvunja vitu, ajue kuomba msamaha. Atayajulia wapi? Kutambua hasira yako kabla haijafika mkononi, kusikiliza mwenzako mpaka amalize, kukataa ushawishi wa marafiki bila kugombana nao: haya hufundishwa, kama tajwidi inavyofundishwa, kwa kurudia na kusahihishwa polepole. Na hayafundishwi kwa fimbo. Mwalimu anayempiga mtoto kwa sababu ameduwaa darasani amemfundisha kitu kimoja tu, afiche vizuri zaidi.

Tunajua jibu litakuwa nini: hatuna wataalamu, hatuna pesa. Sawa, lakini tazameni majirani zetu wa Kenya. Kuna mpango unaoitwa Shamiri, jina la Kiswahili kabisa. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya majaribio yake kwa wanafunzi 413 wa sekondari, vijana wenye dalili za sonona au wasiwasi. Walikutana kwa vikundi mara nne tu. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa vijana waliotoka kumaliza sekondari, wakapewa mafunzo mafupi. Walizungumza juu ya kwamba mtu anaweza kubadilika, juu ya kushukuru, na juu ya yale mtu anayoyathamini maishani. Dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu, na miezi saba baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Kushukuru! Sisi ambao tunasema alhamdulillah mara mia kwa siku tunasema hatuna pa kuanzia?

Vijana waliomaliza shule na kukaa bila kazi tunao tele. Mikeka tunayo. Jumamosi asubuhi watoto wako mikononi mwetu tayari. Tunaiomba kamati ya kila madrasa itenge nusu saa bila fimbo na bila mtihani, watoto wazungumze na wasikilizwe, na awepo mtu mmoja anayejua kituo cha afya kilipo na jina la muuguzi wa afya ya akili pale.

Nanyi wazazi, mkiona mtoto kwa wiki mbili mfululizo amekata tamaa, halali, hali, ameacha anachokipenda, msisubiri miezi mitano. Akitamka kwamba bora asingekuwepo, muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Wataalamu wamekwisha kutuhakikishia kwamba kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, humfungulia mlango. Msimuache peke yake, na mpelekeni siku hiyo hiyo. Kituo cha hapa hapa mtaani, bila mtandio machoni.

Kwa maimamu wetu tunaomba kitu kimoja, khutba moja ya Ijumaa juu ya Yaaqub na huzuni yake, kabla ya Aprili haijafika, na ndani yake itajwe Ndera kama inavyotajwa hospitali nyingine yoyote. Imamu atakayekubali atujulishe, tutakuja na watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.