Kinjeketile angesema tu

Wiki hii nimerudia Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Sekondari niliandika kwenye mtihani kuwa ni shujaa, nikapata maksi zangu, basi. Safari hii nimefunga kitabu na hasira.

Amekamatwa na Wajerumani. Watu wameshauawa kwa risasi, maji hayakuwakinga, na mwenyewe alikwisha kuyatilia shaka. Anatakiwa atamke tu kuwa maji ni uongo. Anakataa! (Kinjeketile wa kweli alinyongwa Agosti 1905, vita ikiwa bado mbichi, uamuzi huu ni wa Hussein.) Eti akikiri, wanaopigana watakata tamaa, na watoto wataambiwa babu zao walikosea kupigana.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nikikosea nasahihisha, hata kwa aibu. Maji Maji iliua watu wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi kwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Unanyamazaje?

Ila jamani, watoto aliowahofia ndio sisi. Shuleni nilifundishwa Maji Maji kwa fahari, na fahari hiyo sijawahi kuikataa.

Bado nasema angetamka. Wewe je?