Uhasibu usomwe nyumbani, hesabu zifanyiwe darasani

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MWANAFUNZI wa uhasibu anayeishi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, au Inyonga wilayani Mlele, hutumia nauli na muda mwingi kufika Mpanda mjini. Saa chache anazopata ana kwa ana na mhadhiri zina thamani kubwa. Je, zitumike kusomewa madaftari?

Wapo wanaopendekeza darasa lililogeuzwa: somo husomwa nyumbani, kisha kipindi hutumika kwa mazoezi. Mwaka 2000, wahadhiri watatu wa uchumi, Lage, Platt na Treglia, waliieleza mbinu hiyo kutokana na ufundishaji wao katika Chuo Kikuu cha Miami, Ohio, nchini Marekani.

Kwa uhasibu, hoja hiyo ina uzito. Kanuni kwamba kila debiti ina krediti yake inaweza kusomwa peke yako kwa jioni moja. Taabu huanza pale urari unapokataa kulingana. Anayeandika Sh4,500 badala ya Sh5,400 upande mmoja hubaki na tofauti ya Sh900. Tofauti hiyo hugawanyika kwa tisa, dalili kwamba huenda tarakimu zimebadilishana nafasi.

Liko kosa baya zaidi. Ununuzi wa mashine ukiandikwa kama gharama ya matengenezo, urari hulingana vizuri, lakini faida huwa si ya kweli. Kosa la namna hiyo hugunduliwa kwa urahisi zaidi mwalimu akiwa pembeni.

Katavi, iliyomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, imekwishazoea nusu ya kwanza ya mbinu hiyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa, na wanafunzi wake hujisomea wenyewe. Kinachohitaji kulindwa ni nusu ya pili. Vipindi vya ana kwa ana vikigeuka mihadhara, mwanafunzi atakuwa amesafiri kusikiliza yale ambayo angeyasoma kwake.

Itasemwa kuwa intaneti ni ghali na haifiki kila kijiji. Ni kweli, lakini mbinu hii haidai video. Maelezo yaliyochapishwa yanatosha, au sauti iliyorekodiwa na kuwekwa kwenye kadi ya simu. Kwa asiyejisomea, jaribio fupi mwanzoni mwa kipindi litamfichua mapema. Hata hivyo, kutunga mazoezi mazuri ni kazi kubwa, na vyuo havina budi kuihesabu katika mzigo wa mhadhiri.

Mkoa huu una halmashauri tano na vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku. Wote wanahitaji wahasibu wanaoweza kugundua kosa, si wanaokariri kanuni tu. Hesabu zikikosewa, anayeumia ni mkulima anayesubiri malipo yake.