Daftari la Biolojia Lenye Harufu ya Mawese

Najua nimepotea. Hapa Mlimani mitihani ya majaribio ilinibana mpaka nikasahau kuna kitu kinaitwa usingizi. Sasa nimerudi, na leo sina stori za kantini wala za boom kuchelewa. Nina hoja. Wana-elimu wenzangu nitegeeni masikio, hasa nyie mnaosubiri kupangiwa shule za BTP.

Hoja yenyewe ni hii: marudio ya Biolojia kwa kidato cha nne yafanyike kwa mikono, kwenye daftari ambalo mwanafunzi analitengeneza mwenyewe kwa vitu vya kwao. Akate, akunje, abandike, apime, achore. Huu mtindo wa kunakili upya madesa ya mwalimu halafu tunauita "revisheni" mi naona tunadanganyana.

BTP nilifanya nyumbani Kigoma, nikilala kwetu Buzebazeba, kwenye shule ya kata ambayo sitaitaja. Madaftari niliyoyakuta yalikuwa masafi ajabu. Kaunta buku imejaa, vichwa vya habari vimepigiwa mstari mwekundu, tarehe zipo. Sasa uliza: "Kwa nini kipande cha kiazi kinanywea kwenye maji ya chumvi?" Kimya. Wanafungua daftari, wanasoma maana ya osmosisi kwa Kiingereza neno kwa neno, wanakaa. Na hawa si wajinga jamani! Kuna waliokuwa wanauza dagaa soko la Mwanga jioni, wanapiga hesabu ya chenji kabla hujafungua pochi. Ila daftari kwao ni stoo: unaweka vitu, unafunga mlango.

Walimu wa Marekani wana huu utaratibu wa daftari la kukunja na kubandika. Unakata karatasi iwe kama vidirisha, juu unaandika swali, ukifunua chini kuna jibu. Ukiingia intaneti utaona mifano mpaka uchoke: seli za peremende, DNA za shanga, gundi za kumetameta. Hapo ndipo wengi wetu tunakata tamaa, eti vifaa hamna. Vifaa gani? Kadi ni boksi la sabuni, gundi ni uji mzito wa muhogo. Rangi ya chungwa Kigoma ni mawese, na haifutiki ndugu yangu, hata kwenye shati la shule.

Mawese yenyewe ndiyo somo. Wadau wa huko kwingine, michikichi ipo ya aina tatu. Dura ni ile ya mababu, kokwa lake lina gamba nene na nyama ya mafuta ni kidogo. Pisifera kokwa lake halina gamba, na mara nyingi tunda lake halikomai, mkungu unaharibikia mtini. Ukipandisha dura na pisifera unapata tenera: gamba jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Mbegu za tenera ndizo zinazozalishwa kituo cha TARI Kihinga, hapo hapo Kigoma, tangu serikali ilipoanza kulivalia njuga zao hili mwaka 2018. Sasa hebu niambie, kuna mfano gani wa jenetiki bora kuliko huu? Jeni moja ya gamba, aleli mbili, na mtoto aliyepata moja kwa baba na moja kwa mama anakuwa katikati. Na bado tunawakaririsha njegere za Mendel, mmea ambao wengine hawajawahi kuuona ukiota!

Tulifanya hivi. Kila kundi lilete chikichi za dura na za tenera, zikatwe katikati (kwa msumeno wa chuma, panga waachie wakubwa), wapime unene wa gamba kwa rula, wachore mchoro wenye vipimo, wabandike vidirisha vitatu. Cha pisifera wanachora kwa kufikiri, kwa sababu tunda hawana. Halafu bahasha mbili zinabandikwa kwenye ukurasa, kila moja ni mzazi tenera, ndani maharage mekundu na ya njano idadi sawa. Chomoa moja huku, moja kule, andika, rudisha. Mara 40. Darasa zima likijumlisha, uwiano wa 1:2:1 unaanza kujitokeza wenyewe. Kundi moja moja halipati 10, 20, 10 kamili, na ugomvi unaotokea hapo ndio utamu, maana lazima waelezane kwa nini.

Binti mmoja akanyanyua mkono: kumbe ndiyo maana mbegu walizookota kwao chini ya mchikichi mzuri zilileta mchanganyiko? Ndiyo! Tenera ukiipanda mbegu yake haikupi tenera tupu. Robo inarudi dura, robo inakuwa pisifera, tena kama chavua imetoka mti wa jirani mambo yanakuwa mengine kabisa. Shamba la mchikichi unalisubiri miaka. Familia ikikosea mbegu inakula hasara ya muda mrefu, na elimu ya kuiepusha ilikuwa kwenye silabasi ya kidato cha nne, imelala ndani ya kaunta buku safi.

Na yale madoa ya mawese kwenye ukurasa tuliyageuza zoezi. Sugua dagaa mkavu pembeni ya karatasi, kwingine dondosha maji, subiri vikauke, inua kuelekea dirishani. Doa la maji limepotea, la dagaa linapitisha mwanga. Hicho ni kipimo cha mafuta, bila maabara.

Zoezi lililowashika zaidi lakini ni la ziwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Unganisha karatasi mpaka upate ukanda wa sentimita 147, kila sentimita moja ni mita 10, kunja kama feni ubandike daftarini. Kisha weka viumbe mahali pake: vijimea vya kijani vinavyohitaji mwanga, vidudu vinavyovila, dagaa, juu yao mgebuka. Wanafunzi wanataka kuwatawanya samaki ukanda mzima. Unawaambia oksijeni inaishia kama mita 100 hadi 200 hivi, kwa hiyo samaki wote wajibane kwenye sentimita 10 mpaka 20 za juu. Ukanda uliobaki ni mweupe. Kuna kijana baba yake ni mvuvi Kibirizi, akautazama ule weupe akasema, "Mwalimu, kumbe ziwa letu ni dogo!" Sijawahi kusikia sentensi nzuri kama hiyo darasani.

Kutoka hapo unaweza kuuliza maswali ya maana. Kwa nini ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024? Kwa nini watafiti mwaka 2003 walitahadharisha kwamba maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, virutubisho vinabaki kilindini na chakula cha dagaa kinapungua? Nyumbani kwao miezi ile mitatu waliijua kwa njia ya sufuria.

Lugha sasa. Mtihani unakuja kwa Kiingereza, hilo halina mjadala kwa leo. Nilichofanya, ukurasa wa kushoto mwanafunzi anajieleza anavyoelewa, Kiswahili au hata Kiha. Wa kulia anaandika jibu la Kiingereza kama atakavyoliandika nekta. Anayeshindwa kushoto hata kulia anakariri tu, na wewe mwalimu unamwona mapema.

Mwalimu mmoja mkongwe aliniambia ofisini kwamba hayo ni mambo ya chekechea, na silabasi haitaisha. La chekechea silikubali. La silabasi ana haki, kipindi cha dakika 40 na watu 80 na ushee huwezi kukatakata karatasi kila siku. Ndiyo maana nasema ni kwa marudio, zoezi moja kwa mada, na kukunja kukafanyike nyumbani. Na urembo nao una hatari. Kuna mabinti na vijana watatumia saa mbili kupaka rangi ua halafu hawajui chavua inaenda wapi. Kanuni yangu ni moja: jibu lisemwe kwa mdomo kabla kidirisha hakijafunuliwa. Asiyeweza kusema hafunui.

Hilo silitoi hewani. Roediger na Karpicke mwaka 2006 walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliosoma kisha wakajipima. Baada ya dakika tano wasomaji waliongoza. Baada ya wiki waliojipima wakawaacha mbali. Nekta haiji baada ya dakika tano wadau.

Tena Gombe pale, safari ya boti tu kutoka Kibirizi, Jane Goodall alifika Julai 1960 bila digrii yoyote, akawa anaandika daftarini anachokiona, na mwaka huo huo akamwona sokwe akivua mchwa kwa bua la nyasi. Lile daftari lilikuwa la kazi.

Mtakaopangiwa Uvinza, chumvi mnayo mlangoni. Mwanafunzi achukue vipande viwili vya kiazi vya urefu sawa, achore mzingo wa kila kimoja daftarini kwa penseli, kimoja akitie kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi, alale. Asubuhi avirudishe juu ya michoro yake ya jana, achore tena kwa wino, na kabla hajafungua kitabu chochote aandike kushoto, kwa maneno yake, maji yameenda wapi.