Mfugaji analipia dawa, ugonjwa uko kwenye hewa ya banda

Katika maduka mengi ya dawa za mifugo jijini Dar es Salaam mazungumzo ya asubuhi hufanana. Mfugaji anaingia na kueleza kwamba kuku wake wa nyama wa wiki ya nne wanakoroma usiku, baadhi wamevimba macho na jana wamekufa watano. Muuzaji haulizi banda limejengwaje, lina kuku wangapi, wala maranda yalibadilishwa lini. Anatoa pakiti ya antibiotiki ya kuchanganya kwenye maji kwa siku tano. Mwezi unaofuata vifaranga wapya wanaingia kwenye banda lile lile, na mfugaji anarudi dukani na maelezo yale yale.

Hapa kuna kosa la hesabu. Fedha zinatumika kumtibu kuku, ilhali mara nyingi chanzo ni hewa anayovuta. Ndani ya banda lisilopitisha upepo hewa hujaa vumbi la kinyesi kilichokauka, la chakula, la manyoya na la ngozi. Bakteria wengi waliomo hewani hawaelei peke yao, husafiri wakiwa wamebebwa na chembe hizo za vumbi. Walio wengi ni wa jamii ya stafilokokasi, ambao huishi kwenye ngozi na manyoya bila kumsumbua sana kuku mwenye afya. Anayeleta hasara kubwa ni E. koli. Huyu hutoka tumboni mwa kuku pamoja na kinyesi, hukauka na kuwa vumbi, kisha humrudia kuku kupitia puani.

Kuku mzima ana kinga yake. Njia yake ya hewa ina vinyweleo vidogo sana ambavyo hufagia vumbi na kulitoa nje. Gesi ya amonia, ile harufu kali inayotoka kwenye maranda yaliyolowa kinyesi na maji, huvilemaza vinyweleo hivyo. Vumbi likishapita hapo huingia kwenye mifuko ya hewa iliyotapakaa mwilini mwa ndege, ambayo ina mishipa michache ya damu. Dawa inayonywewa kwenye maji hufika huko kwa shida, ndiyo maana mfugaji anaweza kutibu siku tano na bado akaokota mizoga.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Tangu miaka ya 1960 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kuku waliokaa kwenye hewa yenye sehemu 20 za amonia kwa kila milioni moja ya hewa waliambukizwa mdondo kwa urahisi zaidi. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2007 kuhusu kuku wa nyama, uliweka kiwango hicho hicho cha 20 kuwa ukomo kwa mabanda yenye kuku wengi, tena kipimwe kwenye usawa wa kichwa cha kuku. Sharti hili la mwisho ni muhimu, kwani mtu aliyesimama pua yake iko zaidi ya mita moja juu ya tatizo. Tena mhudumu anayeshinda bandani huizoea harufu hadi asiisikie. Mgeni akichuchumaa humo kwa dakika moja macho yakamwasha, banda hilo limeshaanza kula faida.

Inakula kiasi gani? Tuchukue mfano wa kuku 500 wanaouzwa wakiwa na kilo 1.8 kila mmoja, yaani kilo 900 kwa jumla. Wakitumia kilo 1.7 za chakula kwa kila kilo ya uzito, watakula kilo 1,530. Kikohozi kikisukuma matumizi hayo hadi kilo 1.9, watakula kilo 1,710. Tofauti ni kilo 180, zaidi ya mifuko mitatu na nusu ya kilo 50, kabla ya kuhesabu dawa na vifo. Na kuku anayekufa wiki ya nne, kwa banda linalouza wiki ya tano, ameshakula zaidi ya nusu ya chakula chake chote. Hasara ya chakula haionekani kwa macho kama mzoga, kwa hiyo wengi hawaiandiki kwenye daftari.

Wapo watakaosema mabanda ya Pwani yana wavu, hivyo hewa haiwezi kuwa tatizo. Ukweli mjini ni tofauti. Banda hubanwa kwenye kona ya kiwanja, likiegemea ukuta wa uzio unaozuia upepo wote. Kwa hofu ya vibaka, tofali hupandishwa karibu na paa. Kisha, kwa kuwa soko la sikukuu linakaribia, penye nafasi ya kuku 10 kwa mita ya mraba huwekwa 15. Nyanda za juu, Iringa, Njombe na Mbeya, adui ni baridi ya Juni na Julai. Viroba hufungwa pande zote, jiko la mkaa huwashwa ndani, na vifaranga huvuta moshi, vumbi na amonia kwa pamoja. Pazia likifungwa chini na kuachwa wazi kidogo juu, hewa chafu hutoka bila baridi kuwapiga vifaranga. Gharama yake ni kamba na misumari.

Mwathirika mwingine ni kijana anayehudumia kuku, ambaye mara nyingi hulala chumba kilichoungana na banda. Anafagia kinyesi kikavu bila kukinyunyizia maji na bila kuziba pua. Vumbi hilo lina sumu zitokanazo na maganda ya bakteria, na linajulikana kuleta kikohozi sugu, pumu na homa ya jioni baada ya kazi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, lakini ni nadra mkaguzi kubisha hodi kwenye banda la uani.

Dawa nazo zina bili ya baadaye. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitaka wafugaji waache kuwapa wanyama wazima antibiotiki kwa ajili ya kukuza au kuzuia magonjwa, kwa sababu bakteria wanaozizoea hawabaki kwa kuku. Anayeuza kuku siku ya tatu ya tiba anamlisha mteja mabaki ya dawa, na pia anafupisha umri wa dawa ambayo mwanawe ataihitaji hospitalini.

Benki na mifuko ya mikopo ya halmashauri ina nafasi hapa. Mwombaji huulizwa idadi ya vifaranga, bei ya chakula na soko. Aulizwe pia upana wa banda, umbali wake kutoka ukutani na ukubwa wa uwazi wa wavu, na afisa mifugo akague kabla fedha hazijatoka. Kubomoa kozi nne za tofali na kuweka wavu wenye nondo za kuzuia wezi ni gharama ya mara moja. Pakiti ya dawa hununuliwa kila kundi.