Kabla ya Kumshuku Jirani, Angalia Hori

Katika Kisii na Nyamira kuna imani ambayo hakuna anayeihoji: nyasi mbichi haziwezi kumdhuru ng'ombe. Dawa ya kupe inaweza kumdhuru, karatasi ya plastiki aliyoiokota sokoni Keroka inaweza, jicho la jirani linaweza. Lakini nyasi? Nyasi ndizo chakula chake, basi mwache ale mpaka akinai. Imani hii ni ya uongo. Kila msimu wa mvua inatuulia ng'ombe, na ng'ombe akishazikwa, inatugombanisha na majirani.

Angalia mambo yanavyokwenda. Kuanzia Desemba hadi Februari ng'ombe wa gredi, mara nyingi mmoja tu katika shamba lisilofika ekari moja, anaishi kwa mabua ya mahindi, vipande vya mgomba na mzigo wa nepia ulionunuliwa kando ya barabara. Anakonda, na maziwa yanapungua. Kisha mvua ndefu zinashuka. Baada ya wiki chache kingo za barabara zimejaa nyasi laini, marando ya viazi vitamu yametambaa, na palizi ya mahindi inatoa magugu mateke kwa magunia. Mtoto anatumwa alfajiri akamfunge ng'ombe pale penye kijani kingi, umande ukiwa bado haujakauka. Nyumba nzima inafurahi. Kweli, maziwa huongezeka katika siku hizo, na ndiyo sababu imani hii haifi. Mara nyingi haimwadhibu mtu papo hapo.

Anayemeng'enya nyasi hasa si ng'ombe mwenyewe. Ni mabilioni ya vijidudu vilivyomo katika tumbo lake la kwanza, tumbo linaloweza kubeba zaidi ya lita 100. Vijidudu vilivyozoea mabua makavu si vile vinavyostawi kwa majani mabichi yenye sukari na protini nyingi, na kundi hilo huhitaji wiki mbili au tatu kubadilika. Ukilibadilishia chakula kwa siku moja, unalivuruga. Dalili ya kwanza ni kinyesi chembamba kama uji, ambacho wengi wetu hukichekelea tukisema ng'ombe anajisafisha baada ya kiangazi. Hajisafishi. Anapoteza maji na chakula ambacho mfugaji amekihangaikia.

Lililo baya zaidi ni gesi. Ng'ombe mkubwa hutengeneza lita 30 za gesi au zaidi kwa saa na kuitoa kwa kupiga mbweu. Akila majani machanga ya jamii ya kunde, kama lusani, klova au magugu yaliyochanganyika nayo, protini za majani hayo huifunga gesi ndani ya povu zito. Povu halitoki kwa mbweu. Ubavu wa kushoto, pale penye shimo kati ya mbavu na nyonga, unajaa na kuwa mgumu kama ngoma. Tumbo linasukuma kiwambo, mapafu yanakosa nafasi, na ng'ombe anaweza kufa katika saa chache. Si kila jani lina hatari sawa: nepia iliyokomaa vizuri haileti balaa hili kwa urahisi, ila ng'ombe mwenye njaa akikutana na majani machanga, mengi, yenye jamii ya kunde ndani yake, hapo pana hatari.

Wala hatari hii si ya Kisii na Nyamira peke yake. Wafugaji wa New Zealand, wenye malisho yaliyojaa klova, kwa miaka mingi wamepambana na povu hilo kwa kunyunyizia mafuta malishoni na kuwanywesha ng'ombe dawa za kuvunja povu. Uingereza, wenye farasi wadogo huwapunguzia saa za kula majira ya kuchipua yanapoanza, na wengine huwavisha vifuniko vya mdomo, kwa kuwa sukari ya nyasi hizo huweza kuwavuruga tumbo na kuwatia ugonjwa mchungu wa kwato. Watu hao wana malisho mengi kuliko sisi, na bado wanayaogopa.

Sisi hatuyaogopi, kwa hiyo ng'ombe akifa lazima apatikane wa kulaumiwa. Nyasi zimeshaachiliwa huru kabla ya kesi kuanza, na anayebaki ni binadamu: mama aliyepita njiani jana, shemeji mliyegombania mpaka, mzee anayeishi peke yake. Ushahidi unaotolewa ni kwamba mzoga ulikutwa umevimba. Huo si ushahidi hata kidogo! Kila ng'ombe aliyekufa huvimba, kwa sababu vijidudu vinaendelea kutengeneza gesi baada ya moyo kusimama. Asiyemwona akiwa hai hawezi kujua kwa kumtazama tu. Sumu ipo, sikatai, na dawa ya kupe ikitumiwa ovyo huua. Lakini aliyefunga ng'ombe mwenye njaa katika majani ya mvua ya kwanza hana haki ya kumtaja mtu mwingine kabla hajajibu alimlisha nini. Na mzoga wa ghafla usichinjwe wala kugawiwa majirani, hasa ukitoka damu puani au mkunduni: huenda ni kimeta, na kimeta huua watu.

Kisu nacho nakipinga. Kila kijiji kina mtu anayejulikana kwa kumtoboa ng'ombe ubavuni. Kama ni povu, tundu dogo halitoi kitu. Na kisu kichafu humwachia usaha tumboni, akafa wiki ijayo badala ya leo. Tundu ni la mwisho kabisa, na ni kazi ya daktari wa mifugo. Wakati anasubiriwa, msimamishe ng'ombe miguu ya mbele ikiwa mahali pa juu, mfunge kijiti mdomoni kama lijamu ili atafune na kutoa mate, na mnyweshe taratibu robo hadi nusu lita ya mafuta ya kupikia, ambayo huvunja povu. Usimvute ulimi wala kumwinua kichwa juu sana. Mafuta yakiingia mapafuni umemuua mwenyewe.

Najua nitakachoambiwa: shamba ni dogo, nyasi kavu zinauzwa ghali, na mtu hawezi kuchagua. Mradi wa kitaifa wa maziwa ulioanza 1980 kwa msaada wa Uholanzi ulifundisha kumfungia ng'ombe zizini na kumletea nepia iliyokatwa, kwa sababu hiyo hiyo ya mashamba madogo. Hakuna anayekwambia ununue chochote. Mabua uliyolisha Januari, bakiza machache. Mpe asubuhi kabla ya kijani, ashibe nusu. Kata nepia ikikaribia mita moja, iache inyauke kwa saa kadhaa kabla ya kuiweka horini, na uongeze majani mapya kidogo kidogo kwa wiki mbili. Marando na desmodiamu vichanganye, visiwe mlo mzima. Ng'ombe afungwe nje umande ukikauka, akiwa amekwisha kula.

Ni kazi ya nusu saa. Kinachotushinda si ekari wala fedha, ni ule uhakika wetu kwamba kijani hakiwezi kukosea.

Serikali za kaunti nazo zina la kujibu. Katiba ya 2010 ilizikabidhi ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Huduma za mifugo ambazo serikali kuu ilianza kuzipunguza mwishoni mwa miaka ya 1980 zilimwacha mfugaji na muuzaji wa agroveti, ambaye faida yake iko katika chupa na si katika ushauri. Mafunzo yatolewe Februari, kabla ya mvua, katika mabaraza ya machifu na vituo vya kukusanyia maziwa, na kila wadi iwe na afisa wa mifugo mwenye mrija wa tumbo na pikipiki yenye mafuta, kwa kuwa povu halisubiri kesho.