Mushaki: kupamba bibi harusi ni kazi, lakini harusi ikiahirishwa hasara ni ya nani?

Mushaki iko karibu kilometa 40 magharibi ya Goma, juu ya milima ukishaacha Sake nyuma. Zamani ukitaja jina hilo, watu wa Goma walikuwa wanawaza maziwa, fromaji, maharagi na viazi. Miaka hii wanawaza vita. Februari 2023 M23 iliingia hapo, baadaye wakafika wanajeshi wa Burundi wa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha Desemba ya mwaka uleule centre ikaanguka tena mikononi mwa M23. Katika habari hizo zote hakuna mtu aliyetaja harusi. Hata hivyo watu wanaoa na wanaolewa, watoto wanapata komunyo ya kwanza, wamama wanajipanga kwa 8 Machi. Na kila sherehe ya namna hiyo inamuhitaji mtu mmoja ambaye hajulikani sana: binti mwenye kisanduku cha poda na burashi, yule wa Goma wanaita makiyeze. Hapa tutamuita mpambaji.

Swali ambalo wazazi wengi wanauliza ni hili: je, hiyo ni kazi ya kweli, ao ni mchezo wa mabinti wenye simu?

Mpambaji hakuanguka kutoka mbinguni. Vita viliposogea, familia nyingi za Masisi zilikimbilia kandokando ya Goma, katika kambi kama Bulengo, Lushagala na Mugunga. Mabinti waliotoka vijijini wakajikuta wanaishi karibu na mji, karibu na saluni, karibu na vituo vya kujifunza ushonaji na kusuka. Februari 2025 kambi hizo zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi kwao. Wengi walirudi bila mbuzi, bila mbegu, na nyumba zimebomoka. Kilichobaki ni kile mtu anabeba ndani ya mikono yake. Anayejua kusuka na kupamba uso hahitaji shamba ili aanze, na njo maana kazi hii inavuta mabinti wengi kuliko zamani. Lakini kuanza ni jambo moja. Kuishi nayo ni jambo lingine.

Tufanye hesabu kidogo. Bei hizi ni mfano tu, kila mahali kuna zake. Mpambaji anapatana na familia dola 20 kwa bibi harusi mmoja. Kope za bandia, gundi yake, pamba na vitambaa vya kupanguza: dola 2. Krimu, poda na rangi ya mdomo vinavyopungua kila mara anapofungua: dola 4. Motari wa kwenda na kurudi: dola 3. Kuchaji taa, unite za simu na kitu kidogo kwa msaidizi: dola 2. Yanabaki 9. Akipata harusi 20 kwa mwaka, na hiyo ni mingi kwa centre ndogo, ana dola 180. Gawa kwa miezi 12: dola 15 kwa mwezi. Hapo hatujahesabu burashi zinazochakaa wala poda iliyoanguka barabarani ikavunjika.

Kwa hiyo makiyaji peke yake hailishi nyumba Mushaki. Anayesimama imara ni yule anayefunga kazi tatu ao ine pamoja. Anasuka katikati ya juma, anapamba Jumamosi, anakodisha nguo ya harusi na taji, anauza meshi na sabuni mlangoni. Uso wa bibi harusi unakuwa kama tangazo: watu wanamuona kanisani, Jumatatu wanakuja kusuka. Pia yeye anapamba wasindikizaji, mama wa bibi harusi, shangazi wawili. Wale ndio faida, kwa sababu safari ni ileile na taa ni ileile.

Kuna jambo moja linalovunja hesabu hiyo yote. Ni tarehe.

Katika mji wenye amani, familia ikisema harusi ni tarehe fulani, mpambaji ananunua vitu vyake akiwa na moyo mtulivu. Masisi haiko hivyo. Risasi zikisikika upande wa juu siku ya Alhamisi, Jumamosi hakuna harusi. Wageni wa Goma hawapandi, wa Walikale hawapiti, padri ao mchungaji mwenyewe hayuko. Kuna sababu nyingine isiyo na kelele. Hapa feza ya familia nyingi inalala katika ng'ombe. Ng'ombe wakinyanganywa, dote inasimama. Dote ikisimama, harusi inasimama. Harusi ikisimama, mpambaji aliyeisha kununua kope na krimu anabaki navyo. Yeye hajaibiwa ng'ombe hata mmoja, lakini wizi umemfikia.

Hapo ugomvi wa avansi unaanza. Familia ilitoa dola 10, sasa inazitaka, kwa kuwa imepoteza mengi na haina hata ya chumvi. Mpambaji anasema zimekwisha kununua vitu. Wote wawili wana haki, na njo pale ubaya unapoingia, kwa sababu centre ni ndogo na ugomvi wa dola 10 unaweza kufunga milango ya wateja kumi. Shida kubwa ni kwamba mara nyingi walipatana kwa mdomo tu. Karatasi moja ya daftari ingetosha: avansi ni kiasi gani, imenunua nini, harusi ikisogezwa kwa sababu ya usalama avansi inabaki kwa muda gani, ikifutwa kabisa kinarudishwa nini. Wote wawili watie sahihi, na shahidi mmoja. Watu watasema hiyo ni mambo ya wazungu. Lakini ng'ombe wa dote nao wanahesabiwa mbele ya mashahidi, na hakuna anayeona haya.

Na mpambaji naye asile avansi yote siku ileile. Mwenye kukaa ndani ya AVEC ao likirimba ana mahali pa kuweka sehemu yake na mahali pa kukopa siku ya kurudisha. Tangu banki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, vikundi hivyo vimekuwa banki ya kweli ya wanyonge. Wengine wanalipwa kwa simu. Simu inasaidia, ila mtu akitaka noti mkononi anakatwa, na noti zenyewe zimechoka, zimepasuka, mwenye duka anazigeuzageuza na kuzikataa. Mpambaji anayetaja bei bila kuuliza atalipwa kwa njia gani anaweza kujikuta amepoteza dola moja ao mbili kabla hajafika nyumbani.

Vitu vya kazi navyo vina safari yao. Vingi vinafika Goma kutoka Gisenyi na Kampala, vikiwa vimetengenezwa mbali zaidi. Kutoka Goma vinapanda motoni mpaka Sake, kisha milima. Barabara zetu zina vizuizi vya kutoza tangu zamani: uchunguzi wa shirika la IPIS wa 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini. Kila senti inayobaki kwenye kamba inarudi juu ya bei ya poda.

Tena poda yenyewe mara nyingi si ya rangi yetu. Dunia imechelewa sana katika jambo hili. Iman, mzaliwa wa Mogadishu, alianzisha vipodozi vyake 1994 kwa sababu wanawake weusi hawakupata rangi inayowafaa. Mwaka 2017 Rihanna alitoa Fenty Beauty yenye rangi 40 za fondeten, na watu wakashangaa kana kwamba ngozi nyeusi zimezaliwa mwaka huo. Kwenye duka dogo la centre utakuta rangi tatu, na zote zinamfanya bibi harusi afanane na mgonjwa. Mpambaji mwenye ujuzi anachanganya mbili nyuma ya mkono wake, anajaribu kwenye taya, na anamtoa mteja nje aangaliwe na jua. Hapa umeme ni wa sola ao ni taa ya simu, na taa ya simu inadanganya. Kuna pia poda nyeupe laini ambazo zinaonekana nzuri machoni, lakini flashi ya picha ikipiga, uso unatoka kama umepakwa unga. Picha ndiyo inabaki nyumbani miaka 30. Kwa hiyo anapiga picha moja ya kujaribu, na flashi, kabla hajamuachilia mteja.

Kuna jambo zito kuliko uzuri: afya. Mpambaji anagusa nyuso za watu, mmoja nyuma ya mwingine. Septemba 2023 aina mpya ya mpox ilianza kujulikana Kamituga, Kivu Kusini. 2024 ikafika hata kwenye kambi za Goma, na tarehe 14 Agosti mwaka huo OMS ikatangaza dharura ya dunia. Ugonjwa huo unapita kwa kugusana ngozi. Dharura ya OMS ilikwisha Septemba 2025, lakini ugonjwa haukwenda likizo. Burashi moja iliyopita kwenye nyuso kumi bila kuoshwa, na kalamu moja ya wanja kwa macho ya wasindikizaji wote, inaweza kuleta macho mekundu, vipele, na mabaya zaidi. Kuosha mikono kwa sabuni mbele ya kila mteja, kuosha burashi na kuzikausha, kutoa krimu kwa kijiko na si kwa kidole: hayo yote bei yake ni ndogo. Na mteja mwenye vidonda ama homa arudishwe kwa upole, hata akiwa bibi harusi mwenyewe. Hiyo si rahisi, mama mkwe akiwa amesimama mlangoni.

Halafu kuna krimu za kujichubua. Wateja wanaziomba: nifanye mweupe kabla ya harusi, ningali na mwezi mmoja. Ni feza ya haraka na ndiyo mtego mkubwa wa kazi hii. Nyingi zina hydroquinone ao zebaki. Zebaki inaharibu figo, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto. Rwanda ilianza kuzikamata madukani kwa nguvu mwisho wa 2018, na mkataba wa dunia wa Minamata uliamua mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe ifikapo 2025. Zinazofukuzwa mahali pamoja zinatafuta soko mahali pasipo na mkaguzi, na sisi tunajua ni wapi. Mpambaji anayeziuza anapata leo, lakini baada ya mwaka anapamba ngozi iliyochomeka, na poda haishiki juu yake.

Wazazi wanaouliza kama kuna mtu aliyefika mbali kwa njia hii wanaweza kutazama jirani. Kenya, Suzie Wokabi alikuwa mpambaji kabla ya kuanzisha vipodozi vya SuzieBeauty. Dar es Salaam, Shekha Nasser wa Shear Illusions alitoka kwenye saluni mpaka kuwa na vipodozi vyake vya LuvTouch Manjano, na anafundisha wanawake kuviuza. Lakini tusijidanganye: wote wawili wako mahali penye bandari, umeme na banki. Kinachofanana na kwetu ni kimoja tu. Feza yao haikukaa kwenye nyuso walizopamba. Ilitoka kwenye kuuza na kufundisha. Mushaki, kufundisha kuna mwisho wake pia: ukifundisha mabinti kumi katika centre moja, umetengeneza washindani kumi.

Kwa mwanamke aliyeolewa, kuna swali la bwana. Code ya familia ya 1987 ilimlazimisha kuomba ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya sheria. Sheria ya 15 Julai 2016 ilibadilisha hilo: sasa ni mapatano ya wote wawili. Sheria ni moja, kitanda ni kingine. Kazi inayomtoa mke saa kumi ya usiku kwenda kwa watu inaleta maneno, na katika barabara zetu maneno si hatari pekee. Wanawake wamebakwa wakienda shambani mchana, sembuse usiku na kisanduku na feza. Wenye busara wanalala kwa bibi harusi siku iliyotangulia, na wanaliweka hilo ndani ya mapatano kama vile bei. Familia inayokataa kumpa mpambaji mahali pa kulala, inamuomba ahatarishe maisha kwa dola 9.

Karatasi za kazi nazo zina utata. Kwa sheria ya 1979 mfanyabiashara mdogo anapaswa kuwa na patente ya kila mwaka. Katika eneo ambalo utawala umebadilisha mikono, aliyelipa huku anaweza kuulizwa tena kule. Wengi wanakaa kimya, bila alama mlangoni, wateja wanawafikia kwa kuelekezana.

Kwa hiyo kiangazi kikikaribia na familia zikianza kutaja tarehe, mpambaji anayeitwa kwa harusi ya Jumamosi anauliza maswali matatu kabla hajataja bei: barabara iko wazi mpaka wapi, nitalala wapi Ijumaa, na avansi inakuja kwa noti ao kwa simu.