Kabla Hujaagiza Katriji Nyingine

Karatasi ikitoka hafifu katika ofisi au steshenari ya Mpanda, hukumu hutolewa upesi: katriji imekwisha, agiza nyingine. Mji huu uko mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua, na kipuri kisichopatikana dukani hapa hutafutwa Tabora, Mbeya au Dar es Salaam. Katriji iliyonunuliwa bila kosa lake ni fedha ya ofisi ya kata, ya AMCOS ya tumbaku au ya mama mwenye steshenari, na barua zinaendelea kutoka vilevile. Madai yanayorudiwa zaidi kuhusu printa yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine. Mengi si kweli, na machache yana ukweli unaotumika mahali pasipo pake.

“Maandishi hafifu maana yake tona imekwisha.” Inategemea ufifi umekaaje. Tona ni unga, na unapokaribia kwisha hauenei sawasawa ndani ya katriji, hivyo kwanza hupauka ukanda wa wima, upande mmoja au katikati ya ukurasa. Ukiitoa katriji, ukaitikisa taratibu kushoto na kulia, na weusi ukarudi kwa muda, basi kweli inakwisha. Lakini ukurasa mzima ukipauka kwa usawa, angalia kwanza mpangilio wa kubana matumizi, ambao kwenye skrini huitwa Draft, EconoMode au Toner Save. Mtu huuwasha siku ya kuchapa mitihani ya shule nzima, halafu hakuna anayekumbuka kuuzima. Mwezi unaofuata katriji yenye unga tele inatupwa.

“Kopi inatoka safi lakini ya kompyuta inatoka vibaya, basi kompyuta ina virusi.” Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya kwanza ya dai hili ndiyo uchunguzi bora kuliko wote, na nusu ya pili inaupoteza. Kopi na kazi ya kompyuta hupita kwenye dramu ileile, tona ileile na kichomea kilekile kinachoiyeyusha. Kopi ikiwa safi, mitambo ni mizima. Printa isiyotoa kopi nayo ina njia yake: karibu zote huchapa ukurasa wa majaribio zenyewe, kwa kubonyeza kitufe au kupitia menyu, hata waya wa kompyuta ukiwa umechomolewa. Chapa ukurasa huo kabla ya jambo jingine lolote. Ukitoka mchafu, iache kompyuta. Kupiga Windows upya hakusafishi dramu. Ukitoka safi, iache katriji, tafuta kosa kwenye faili, mipangilio au draiva.

Na kosa la faili ni la kawaida mno. Mtu anapiga picha cheti kwa simu, anaituma steshenari kwa WhatsApp, halafu analalamika kwamba herufi zina ukungu. Kwa mpangilio wa kawaida WhatsApp huipunguza picha, upande wake mrefu ukabaki na nukta zipatazo 1,600. Itandaze kwenye urefu wa karatasi ya A4, sentimita 29.7, upate nukta kama 137 kwa kila inchi, wakati herufi ndogo zinahitaji kama 300 ili zisomeke vizuri. Hakuna katriji itakayorudisha nukta zilizokwisha kutupwa. Picha hiyohiyo ikitumwa kama dokumenti hufika nzima. Kosa jingine ni maandishi ya rangi. Kichwa cha barua cha bluu au kijivu kikipelekwa kwenye printa ya rangi nyeusi peke yake, huchapwa kwa vidoti vilivyoachana, na kingo za herufi huonekana zimetafunwa. Zigeuze herufi ziwe nyeusi kabla ya kuchapa. Draiva nyingi za leza zina hata chaguo la kuyachapa maandishi yote kwa weusi.

“Mistari ni vumbi la kiangazi tu, futa printa.” Vumbi la Katavi ni la kweli kuanzia mvua zikatikapo, na ofisi iliyo kando ya barabara ya udongo hulila kila siku. Ila kufuta ganda la nje hakugusi mstari wowote. Mstari mweupe wa wima mara nyingi ni uchafu kwenye kioo kinachopitisha mwanga wa leza. Mstari mweusi unaoonekana kwenye kopi peke yake, tena ukipitisha karatasi kwenye trei ya juu, ni doa kwenye kile kipande chembamba cha kioo kando ya kioo kikubwa. Tone la wino mweupe wa kufutia lililokauka hapo linatosha kuuchora. Mstari mweusi unaotokea hata kwenye ukurasa wa majaribio huelekea kuwa mkwaruzo wa dramu. Doa linalojirudia chini kwa chini lipime kwa rula: dramu ndogo nyingi zina kipenyo cha milimita 24, kwa hiyo jeraha lake hurudi kila baada ya milimita 75 hivi. Umbali ukiwa mwingine, mkosaji ni rola nyingine. Dramu yenyewe isiguswe kwa vidole wala kuachwa kwenye mwanga.

“Ni umeme mdogo.” Dai hili lina historia. Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO, mbali na gridi ya taifa, na watu walizoea kuona taa zikififia. Lakini herufi hazififii kwa namna hiyo. Ndani ya printa umo mtambo unaotoa volti thabiti kwa leza na dramu. Umeme ukipungua kupita kiasi, printa huonyesha hitilafu au huzima. Sehemu inayohitaji nguvu nyingi ni kichomea, kinachoyeyusha tona kwenye karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200. Kikilegea, maandishi huwa meusi lakini hufutika ukipitisha kidole. Dalili hiyohiyo huletwa na karatasi nzito ya vyeti iliyochapwa huku kompyuta ikiambiwa ni karatasi ya kawaida, kwa hiyo badilisha kwanza aina ya karatasi kwenye mipangilio. Na printa ya leza isichomekwe kwenye UPS ndogo: kichomea kinapowaka huilemea. UPS iwe ya kompyuta.

“Karatasi ni karatasi.” Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, Mmarekani Chester Carlson alisugua kwa kitambaa bamba la zinki lililopakwa salfa ili lipate chaji, akalimulika, akanyunyiza unga, maandishi yakatokea. Leza ya ofisini bado inafuata kanuni hiyo: unga huvutwa kwenye karatasi kwa chaji ya umeme. Karatasi iliyonyonya unyevu huivujisha chaji hiyo, na tona haishiki sawasawa. Matokeo ni mabaka yaliyopauka na kurasa zinazojikunja, hasa masika, rimu ikiwa imefunguliwa na kuwekwa sakafuni. Kuianika juani si dawa, huikunja zaidi. Iache ndani ya kifungashio chake, toa za siku hiyo tu.

“Safisha hedi mpaka rangi itoke.” Hili linawahusu wenye Epson za matangi ya wino, ambazo steshenari nyingi zinazo. Kila usafishaji hunywa wino na kuujaza sponji ya wino taka, na sponji ikijaa printa hugoma. Chapa kwanza ukurasa wa kukagua matundu, safisha, kagua tena. Ikishindikana mara tatu, maelekezo ya Epson yenyewe ni kuiacha printa angalau saa 12 bila kuchapa, kisha kujaribu upya. Wino uliokauka hulainika kwa muda.

“Katriji ya kujaza ndiyo mbaya.” Mbaya ni unga usio wake. Tona hutofautiana joto la kuyeyukia na namna ya kushika chaji, ndiyo sababu unga wa printa nyingine huacha ukurasa na ukungu wa kijivu. Mwulize fundi anajaza unga wa modeli ipi.

“Imezeeka, nunua nyingine.” Printa nyingi za leza huonyesha kwenye ukurasa wa taarifa zake zimechapa kurasa ngapi, na rola iliyokwisha mara nyingi hubadilishwa peke yake. Ukimpigia fundi aliye Tabora au Mbeya, mtumie kama dokumenti kurasa mbili zilizopigwa picha, moja iliyotoka kwenye kompyuta na moja iliyotoka kwenye printa yenyewe, na umtajie umbali wa madoa kwa milimita. Kwa hayo ataweza kutaja kipuri cha kupakiwa kwenye basi, au akuambie hakuna cha kuagiza.